Picha Isiyorudi Ikiitwa

Neema ameniomba niandike, na ukimkatalia Neema jambo leo, kesho atarudi nalo akiwa amelivisha nguo nyingine. Kwa hiyo naandika. Nilistaafu miezi minne iliyopita, nipo nyumbani Ntalikwa, karanga zimeshavunwa, kisingizio sina. Ninyi mnaokalia viti vyetu sasa, someni mkipata nafasi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Hivyo vimo kwenye mafaili, na aliyetaka kuvijua keshavijua.

Kazi yangu ilikuwa kutunza picha. Mnaijua ofisi yenyewe, pale Kanyenye nyuma ya maduka ya vitenge: vyumba vitatu na kabati za chuma ambazo droo zake hulia kama mbuzi. Siku ya kwanza nilifika kwa baiskeli, viatu nimevivua nimevifunga kwenye keria visiingie vumbi, nikavivaa mlangoni. Nilidhani nitapewa meza. Nikapelekwa chumba cha giza.

Humo nilimkuta Mzee Sudi, mpiga picha wa ofisi, mtu mfupi mwenye vidole vya rangi ya kahawia kwa sababu ya dawa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Unaogopa giza?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Ogopa mwanga. Humu ndani mwizi ni mwanga."

Kulikuwa na mabeseni matatu. La kwanza lilikuwa na dawa ya kuitoa picha, la pili maji, la tatu dawa ya kuifanya picha isifutike, ambayo kwa Kiingereza chao waliiandika hypo na kuitamka haipo. Mzee Sudi akanyoosha mkono gizani. "Haipo ipo?" Nikafikiri mzee wa watu ana matatizo. Akauliza tena, kwa ukali kidogo. Nikamjibu, "Kama haipo, Mzee, itakuwaje ipo?" Alicheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, tukiishiwa na dawa ile, taarifa yake kwa mkuu wa ofisi ilikuwa hiyohiyo: "Haipo haipo."

Siku hiyo aliniwekea karatasi nyeupe kwenye beseni la kwanza, akaniambia nitikise taratibu. Nikatikisa. Karatasi ikabaki nyeupe. Halafu, chini ya ile taa nyekundu, kitu kikaanza kuingia: kwanza kivuli, kisha ukingo wa kofia, kisha macho mawili yakanitazama kutoka majini. Niliziba mdomo kwa mkono wenye dawa. Mzee Sudi hakunikemea. Akasema tu, "Hata mimi, kila siku."

Hayo maneno niliyabeba. Ikifika siku ukaitazama picha ikitokea na moyo wako usisogee hata kidogo, omba uhamisho.

Mzee Sudi alinifundisha kadi. Kila picha ilikuwa na kadi yake: namba, mahali, jambo, mgeni rasmi. Mji huu tangu enzi za misafara ni mji wa kupitiwa. Wapagazi, wafanyabiashara, wamisionari, reli, wote wamepita, na kila aliyepita na cheo aliandikwa. Niliona upungufu mapema. Kwenye picha ya uzinduzi wa kisima kulikuwa na watu arobaini, na kadi ilikuwa na jina moja.

"Na hawa wengine, Mzee?"

"Hao ni wananchi."

"Hawana majina?"

Akanitazama juu ya miwani. "Wanayo. Mimi ndiye sikuuliza. Nilikuwa na filamu moja na gari lililokuwa likinipigia honi." Kisha akaongeza, polepole, "Wewe utauliza."

Nikawa nauliza. Nilikwenda Bukene na bahasha ya picha za stesheni, nikakaa kwenye benchi siku mbili nikiwaonyesha akina mama wauza mahindi. Nilipata majina kumi na moja, ndoa mbili zilizovunjika, na ugomvi mmoja wa shamba ambao nilikimbia kabla haujaisha. Mvua ilipotoboa paa letu mwaka mmoja, negativu zikalowa, tukazitundika kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha kwa vibanio vya nguo. Kwa wiki nzima kila aliyeingia ofisini aliinama kama anayepita chini ya nepi za mtoto mchanga. Tuliokoa karibu zote. Zile chache zilizoharibika bado naziota.

Mzee Sudi alistaafu, baadaye akafariki, tukamzika. Chumba cha giza kikawa stoo ya mafagio. Zikaja kamera zisizo na filamu, ikaja skana, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ikawa kuzichukua negativu zake moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya picha za mraba. Liwekeni akilini hilo la mraba.

Sasa tovuti. Ofisi ilitengenezewa tovuti, na kwenye ukurasa wa mbele iliwekwa picha moja ya kiongozi akikata utepe. Ilikaa pale miaka mitatu. Utepe ulikatwa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Aliyeitengeneza alikwisha kwenda zake Dar es Salaam, na kila tulipomuuliza namna ya kuibadilisha alitaja lugha za kompyuta ambazo nilidhani ni majina ya magonjwa.

Ndipo Neema akaajiriwa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, ana shikamoo nzuri na haraka mbaya. Wiki ya pili akaniambia, "Mama Tekla, hii haihitaji kuandika msimbo wa kompyuta hata mstari mmoja. Kuna plagini."

"Plagini ndiyo nani?"

"Ni kipande cha programu ambacho wenzetu wamekwisha kukitengeneza. Unakipachika tu kwenye tovuti, kama kiraka. Unakionyesha folda ya picha, chenyewe kinazizungusha."

Akaniketisha nifanye mwenyewe. Nikatafuta jina la kile kiraka, nikabonyeza kukisimika, nikabonyeza kukiwasha. Nikatengeneza folda, nikapandisha picha za Mzee Sudi zaidi ya mia nne. Mara ya kwanza nilizipandisha kubwa mno, ukurasa ukawa mzito kama gari la mkaa, na watu wa vijijini wakawa wanaona duara linalozunguka badala ya picha. Nikazipunguza zote, nikarudia. Kisha kukawa na maswali ya kujaza: picha ikae sekunde ngapi, zipishane vipi. Mwisho kikaja kisanduku kidogo kimeandikwa: bila mpangilio.

Mkono ukasita. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa mpangilio.

"Weka tiki, Mama," Neema akasema. "Ukipanga, watu wataona kumi za mwanzo tu kila siku. Ukiacha bahati ichague, hata ile ya chini kabisa ina siku yake."

Nikaweka tiki, nikafungua ukurasa. Akatokea mwanamke wa Sikonge anapepeta mpunga, picha ambayo haikuwa imetoka kwenye droo tangu Mzee Sudi aiweke. Nikafungua upya: treni. Tena: watoto wa shule wamebeba majembe. Nilikaa pale nikibonyeza mpaka chai ikapoa. Ilikuwa beseni la kwanza kabisa limerudi, ila sasa sikujua ni nani atakayetokea majini.

Bahati ina utani wake. Alipokuja mgeni kutoka mkoani, mkuu wetu alifungua ukurasa kwa fahari kwenye skrini kubwa mbele ya watu wote, akatokea dume la ng'ombe linaogeshwa dawa ya kupe. Mgeni alitazama kwa muda mrefu. "Safi," akasema.

Basi. Sasa lile lililonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho. Asubuhi moja waliingia mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi, na mwanamke wa makamo aliyemshika kiwiko. Walikuwa wametoka Ulyankulu kwa basi la kwanza. Mzee aliitwa Anatoli, mmoja wa wale waliokuja kutoka Burundi wakiwa vijana wakapewa mashamba porini. Mwanamke alikuwa binti yake, Daforosa.

Mzee Anatoli akasema, "Nimekuja kumwona mke wangu."

Nikamtazama Daforosa. Akanivuta pembeni. "Mama, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Hakuna picha yake, hakuna popote. Wiki mbili zilizopita binti yangu alikuwa anamwonyesha babu yake picha za zamani kwenye simu, hizo zenu. Baba akapiga kelele kwamba amemwona mama. Alipotaka kuishika simu, picha ikawa imebadilika. Tumefungua tena na tena, haiji. Tangu siku hiyo hali vizuri, hashuki shambani, anaomba simu tu. Wadogo zangu wa mama mwingine wanasema akili imeanza kumtoka." Akashusha sauti. "Nimemleta aone mwenyewe kwamba haipo, ili atulie."

Kile kiraka hakikuwa kinaandika kilichomwonyesha nani. Picha ilikuwa imekuja kama mpita njia, imemsalimu mtu mmoja, imekwenda zake.

"Ilikuwaje, Mzee?" nikamuuliza.

"Amesimama. Amejaa simu yote, toka juu mpaka chini. Kitambaa kichwani. Ananitazama." Akajigusa kifuani. "Mama, nimekuwa nikimsahau. Sauti yake ninayo, sura ilikuwa imenitoka. Nilipomwona ndipo nikajua nilikuwa nimemsahau kiasi gani."

Nilianza kwa njia yangu, njia ya kadi. Droo zetu hupangwa kwa mambo, si kwa mahali, nikafungua zile za makazi, watu, shule, kanisa na zahanati, nikatoa picha zote za Ulyankulu. Akazitazama moja moja akiwa ameinamia lenzi ya kukuzia. Hapana. Hapana. Mchana nikaingia kwenye tovuti, nikaondoa tiki ya bila mpangilio ili picha zije kwa foleni, nikaziweka kwenye skrini kubwa kwa ajili ya macho yake, tukazipitia zote. Wanaume na matrekta, mabwawa, mizinga ya nyuki, mikutano. Mpaka jioni tulikuwa tumefika mwisho wa foleni. Hakuwamo.

Daforosa akaweka mkono begani mwa baba yake. "Baba, umeona. Tumetafuta."

Mzee hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Alijifungafunga koti kama mtu aliyeambiwa jambo na daktari. "Labda ni kweli," akasema. "Labda ni kichwa changu."

Basi la kurudi lilikuwa limeshaondoka. Nikawachukua kwangu. Tulikula ugali kwa kisamvu, na mezani Mzee Anatoli, ambaye ofisini alikuwa na maneno ya kuhesabika, akaanza kusimulia. Kwamba mkewe aliitwa Konsolata. Kwamba walipofika, pori lilikuwa limefunga na walilala wakisikia fisi. Kwamba alikuwa anacheka kwa sauti kubwa mpaka majirani wakamjua kwa kicheko. Kwamba homa ilimchukua kabla ya mvua za pili, na yeye akabaki na kitoto ambacho alikilea kwa maziwa ya mbuzi ya kuomba nyumba kwa nyumba. Daforosa alikuwa ameacha kula.

"Baba hajawahi kuyasema haya," akaniambia tulipokuwa tunaosha vyombo. "Nina miaka hamsini. Leo ndiyo najua mama alikuwa anacheka."

Asubuhi yake nilikwenda nao ofisini kwa sababu kituo cha basi ni njia hiyohiyo, na kwa sababu sikujua namna ya kuwaaga. Neema alikuwa amerudi kutoka kazini Bukene. Nikamweleza.

"Aliiona kwenye nini?" akauliza.

"Kwenye simu."

"Sasa mbona mmetafuta kwenye kompyuta?"

Nikamwambia picha ni zilezile. Akatikisa kichwa, akachukua karatasi ya mraba. "Angalia, Mama. Picha za Mzee Sudi ni mraba. Skrini ya kompyuta ni pana, kwa hiyo plagini inakata juu na chini, inabakiza mkanda wa katikati." Akaikunja karatasi. "Simu ni ndefu. Inakata kushoto na kulia, inabakiza nguzo ya katikati. Picha ni ileile, lakini mnaona vitu viwili tofauti."

Niliona aibu iliyochanganyika na mshangao. Kwenye kompyuta vichwa vya watu vilikuwa vinakatwa kila siku, na mimi nilikuwa nimezoea kiasi cha kutoona. Nilidhani ni adhabu ndogo kwa wageni rasmi.

Neema akafungua simu yake, akampa Mzee Anatoli kiti karibu na dirisha, akapiga magoti kando yake. Zikaanza kupita kwa foleni. Daforosa alisimama mlangoni na mfuko wake begani. Nilimwona akitazama saa ya ukutani.

Mara Mzee akashika mkono wa Neema.

Hakusema kwa Kiswahili. Alisema kitu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, na ile kofia ikamdondoka. Kwenye simu, chini, kulikuwa na mzinga wa gogo ulioshikwa na mikono minne. Wenye mikono walikuwa wamekatwa pembeni. Juu yao, nyuma, akiwa amepanda kichuguu apate kuona, alisimama mwanamke kijana mwenye kitambaa kichwani. Alikuwa anamtazama mpiga picha usoni, karibu acheke.

"Ndiye?" Daforosa akauliza.

"Ndiye."

Daforosa akasogea. Alimtazama yule mwanamke kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. "Ni mdogo," akasema hatimaye. "Ni mdogo kuliko binti yangu."

Nilikimbilia kabatini. Nasema nilikimbia, na magoti yangu ni shahidi. Picha haikuwa kwenye makazi wala kwenye watu. Ilikuwa kwenye Nyuki. Kadi, kwa mwandiko wa Mzee Sudi, ilisema: Ukaguzi wa mizinga, Ulyankulu, kikafuata cheo cha mgeni, yakafuata maneno "na wananchi." Kwa kadi zangu tungeweza kutafuta mpaka leo. Nani angemtafuta mke wa mtu kwenye droo ya nyuki? Mpangilio wangu wote, miaka yote ile, ulikuwa umemficha salama. Bahati ndiyo iliyomtoa, ikampeleka mpaka mkononi mwa mumewe, kwa sekunde tano.

Nilitoa ile negativu, nikaipangusa, nikaiweka kwenye skana kwa ukubwa wa mwisho inaoweza. Mashine ilichukua muda wake. Picha ilipokuja kwenye kompyuta, Neema akamsogeza yule mwanamke karibu, karibu zaidi, mpaka zikaonekana nyuzi za kitambaa. Kanga yake ilikuwa imefungwa fundo kifuani. Na ubavuni, chini ya kiwiko, palikuwa na kitu cheupeupe ambacho kwenye simu kilikuwa nukta tu.

"Hicho nini?" Daforosa akauliza.

Nikasogea. Nimetazama picha miaka karibu arobaini, lakini nilitaka kuwa na hakika kabla ya kusema. "Ni unyayo," nikasema. "Wa mtoto. Amembeba mgongoni."

Sote watatu tukamgeukia Mzee Anatoli.

"Konsolata alizaa mara moja tu," akasema.

Daforosa aliushusha mfuko begani. Akanyoosha kidole, akaugusa ule unyayo kwenye kioo cha kompyuta, kidole kimoja, bila kukikandamiza. Ndipo alipolia. Mwanamke wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, alilia kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. "Nilikuwepo," alikuwa akisema. "Baba, na mimi nilikuwepo."

Sikuziba mdomo siku hiyo. Mikono haikunyanyuka.

Tuliwachapia picha mbili, moja ya mraba mzima na moja ya mama na mwana peke yao. Neema, kwa adabu, akamuuliza Mzee kama angependa ile picha iondolewe kwenye tovuti, kwa kuwa sasa ni ya familia. Mzee alifikiri.

"Mkiiacha, nitamwona lini tena?"

"Hatujui, Mzee," Neema akasema. "Inaweza ikawa leo. Inaweza ikawa baada ya mwezi."

"Muacheni. Alipenda watu." Kisha akaiokota kofia yake, akaipangusa vumbi. "Nami nitakuwa nafungua."

Nikarudisha tiki mahali pake.

Kabla hawajaondoka nilichukua ile kadi ya zamani. Sikufuta alichoandika Mzee Sudi. Aliandika alichokuwa na nafasi ya kuandika. Nikachukua kadi mpya ya kuambatisha nyuma yake, nikafungua kalamu, nikaanza.

"Subiri, Mama," Daforosa akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akajipangusa macho kwa upande wa kitenge. "Jina la mama liandike polepole. Nataka nikuone ukiliandika."